Shajara ya pai ya Guka

3 Januari, Nakuru

Krismasi ya tatu imepita bila pai. Shosho, nyanya yangu mzaa baba, macho yamemwacha, mikono inatetemeka, na tangu aache kuoka hakuna aliyepokea. Tulioila tuko wengi, ukoo mzima. Aliyewahi kusimama jikoni akauliza inatengenezwaje, simwoni. Nimeamua nipokee mimi, na ili nisije nikajidai baadaye kwamba nilijua tangu mwanzo, kila jaribio nitaliandika humu, hata lile la aibu.

Mimi ni fundi cherehani. Sijawahi kuoka hata keki ya sufuria. Ninachojua ni kupima, kukata na kuunga, nikajiambia unga si kitambaa lakini kipimo ni kipimo.

Kwa atakayesoma bila kutujua: pai hii ni ya plamu, ina unga chini na juu, na kwetu ililetwa na mwanamume. Guka, yaani babu yangu, mume wa Shosho, alianza kama toto wa jikoni katika shamba la mzungu mmoja huko Molo, enzi zile wapishi wa nyumba kubwa walikuwa wanaume. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, Wakikuyu wengi wa mashamba ya Bonde la Ufa walifukuzwa kurudi Mkoa wa Kati, naye akiwa mmoja wao. Ilipoondolewa mwaka 1960 akapanda tena Molo, safari hii mpishi kamili, hadi mwenye shamba alipouza na kwenda zake baada ya uhuru. Guka alitoka kwenye jiko lile na vitu viwili, sahani ya bati na pai. Akamfundisha mkewe. Guka nilimkuta mzee wa kuota jua tu, lakini jina lake ndilo nililopewa, ndiyo maana Shosho hadi leo ananiita mume wangu na Tata, dada yake baba, ananiita baba.

Nilichonacho mkononi ni ukurasa mmoja wa daftari la Tata, alilonakili akiwa msichana. Nauandika wote, maana ni mfupi:

"Unga wakia 8. Mafuta wakia 4. Chumvi kidogo. Maji baridi. Plamu ratili 2. Sukari kadiri. Choma mpaka iwe tayari."

Choma mpaka iwe tayari. Ni kama nimwambie mwanafunzi wangu kibandani, shona mpaka iwe suruali.

Wakia moja ni kama gramu 28. Kwa hiyo unga gramu 227, mafuta nusu yake, plamu kama gramu 900. Hapo sina shida. Shida ni hayo mengine yote.

6 Januari. Jaribio la kwanza

Plamu nimenunua Top Market, zile za ngozi nyekundu inayokaribia weusi, nyama ya ndani njano. Ndiyo msimu wake, zimejaa hadi kwenye mikokoteni. Nilichagua zilizoiva zikalegea, nikaona nimechagua vizuri.

Mafuta: daftari halisemi mafuta gani. Nikaona chakula cha wazungu hakikosi siagi, nikanunua siagi ya bei. Saa nane mchana, jiko langu liko chini ya mabati. Siagi ilianza kuyeyuka kabla sijaimaliza kuichanganya, unga ukawa donge linalong'aa. Nikafanya ninachojua: nikaukanda. Nikaukanda vizuri, dakika kumi, kama wa chapati.

Ikatoka kitu unachoweza kushonea viatu. Watoto walichota plamu kwa kijiko, ganda wakaniachia.

Mke wangu, anayejua unga kuliko mimi, alinieleza bila kucheka sana. Chapati unaukanda ili unga ushikane na kuvutika. Huu wa pai unautaka uvunjike. Mafuta yanatakiwa yaizunguke chembe ya unga kwanza, maji yakija yakute imeshavaa koti, isipate nafasi ya kunata na mwenzake. Mafuta yakiyeyuka, au ukikanda, koti limevuliwa.

Basi: mafuta magumu, ncha za vidole, maji ya mtungi, mkono mwepesi.

9 Januari. Jaribio la pili

Stima ilipotea dakika ya kumi na tano. Ikarudi usiku wa manane. Jirani ana kuku.

13 Januari. Jaribio la tatu

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, kabla mabati hayajapata moto. Siagi nimeiacha, nimetumia Kimbo, mafuta ya kupikia yanayokaa yameganda hata mchana wa Januari. Niliyasugua kwenye unga kwa ncha za vidole hadi ukafanana na chenga, maji vijiko vinne vya supu, nikaukusanya bila kuukanda. Nikaufunika, ukapumzika nusu saa. Kuusukuma ilikuwa kazi ya raha, maana hapo nimerudi kwenye fani yangu: kipande cha duara, pindo la kuzidi nusu inchi, na katikati ya kifuniko nikakata tundu kama la kifungo ili mvuke utoke.

Juu ikatoka safi kama kola mpya. Mke wangu akapiga makofi. Nikakata, nikainua kipande, kikabaki kifuniko tu kisuni. Chini kulikuwa kumelowa kama nepi.

Nimeandika "kumelowa" lakini nataka nieleze sawasawa, kwa sababu naona hapa ndipo vita ilipo. Unga wa chini haukuungua na haukuiva. Ulikuwa mweupe, unanata, na maji ya plamu yalikuwa yamekaa juu yake kama bwawa.

14 Januari

Nimempigia Tata, yuko Njoro.

"Tata, chini panalowa."

"Baba, kwani uliweka unga?"

"Unga si ndio pai yenyewe?"

"Unga wa chini ya plamu. Unanyunyiza kabla hujapanga matunda."

"Haumo kwenye daftari."

"Nani anaandika kitu kama hicho?"

Nikamuuliza ni unga gani. Akanyamaza kidogo, akasema ulikuwa wa rangi rangi, kwenye kopo, na mama yake hakuruhusu mtoto aliguse lile kopo. Zaidi ya hapo hajui. Miaka yote hiyo ameandika yaliyosemwa. Yaliyofanywa kimyakimya hayakufika kwenye karatasi.

18 Januari. Jaribio la nne na la tano

Siku moja, pai mbili ndogo. Ya kwanza nilinyunyizia unga wa ngano. Ukageuka gundi. Ya pili nilichanganya plamu na wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kukazia supu. Maji yalipungua lakini hayakukaza. Yalibaki telezi, na ladha ya chaki ikabaki mdomoni.

Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa kemia, alikuja kuchukua koti akakuta naandika. Akasema nisisahau niko wapi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Juisi ndani ya pai haiwezi kupita moto inaochemkia, na wanga wa mahindi unahitaji moto wa karibu na hapo ndipo ukaze sawasawa. Nikamuuliza, na Molo je, karibu mita 2,500? Akasema huko ni chini zaidi, kama 92. Basi pai hii ilizaliwa mahali pabaya kuliko jikoni kwangu, na bado ilikaza. Kuna kitu sikijui, na anayekijua ana miaka themanini na saba.

21 Januari. Molo

Nimefunga kibanda siku nzima. Nimebeba donge la unga kwenye kopo lenye barafu, na kipande cha pai ya jaribio la tano, kama mgonjwa anayebeba vipimo vyake kwenda hospitali kubwa.

Matatu ilipita njia ya Njoro. Nilizoea kulala njia hiyo, leo nilikuwa macho. Ngano ya Njoro ina historia ndefu. Kituo cha utafiti wa ngano kiko pale tangu 1927, na kabla yake walowezi walikuwa wakiteswa na ugonjwa wa kutu ya ngano mwaka baada ya mwaka. Baadaye Elburgon na mbao zake, halafu baridi ikaingia dirishani na makanga akafunga kioo bila kuombwa. Nikafikiria mafuta ya pai: hewa hii ndiyo friji waliyokuwa nayo.

Shosho alikuwa ameketi mlangoni. Alinijua kwa hatua.

"Mume wangu umekuja na nini?"

Nikamwekea donge mkononi. Hakuuliza swali. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akalivunja kipande, akakisugua katikati ya vidole viwili hadi kikaisha. Mikono ile inayotetemeka ikishika kikombe, ilitulia.

"Huu ni mzuri. Mafuta gani?"

"Kimbo."

"Guka wako kwa mzungu alitumia mafuta ya nguruwe. Mimi nilipoanza kununua dukani nikatumia hayo ya mkebe. Hakusema kitu, akala."

Nikampa kipande cha pai. Alikigusa upande wa chini kwanza, hakukipeleka hata mdomoni. "Hii umechomea kwenye nini?"

Bakuli la kioo, nikamwambia, zito, la oveni, zawadi ya harusi. Akacheka hadi akakohoa. Akaniagiza chini ya kitanda, kwenye sanduku la mbao. Ndani, imefungwa kwa gunia la sukari, ilikuwa sahani yenyewe: bati jeupe, ukingo wa buluu, kina kama cha sahani ya mchuzi, rangi imebanduka sehemu nne na weusi wa moto umeshika mgongoni. Bati ni jembamba, moto unapita mara moja. Kioo kizito kinajifikiria kwanza, na wakati kinafikiria, juisi inauloweka unga.

Mambo mengine aliyasema kwa mafungu, katikati ya chai, na mengine nilipokuwa nimeshasimama kuondoka. Nayapanga kadiri nilivyoyasikia.

Kopo la Tata lilikuwa na unga wa ugali. Unga wa mahindi wa kawaida, umekaangwa kwenye kikaango kikavu hadi unanukia na kuwa rangi ya mchanga. Kwa mzungu Guka alitumia chenga za mkate mkavu. Kwetu mkate haukubaki hata ukauke, kwa hiyo Shosho akatafuta kingine. Watoto hawakuruhusiwa kuligusa kwa sababu waliulamba na sukari.

Plamu zisiwe zimeiva zote. Theluthi moja ziwe bado zinakwaruza ulimi. Hizo changa ndizo zinazokaza juisi, jambo ambalo watu wa jemu wanalijua: tunda changa lina pektini nyingi kuliko lililoiva. Mimi nilikuwa nachagua zile laini tupu, najiona mjuzi.

Moto uanze chini. Stovu ya kuni ya mzungu ilikuwa ya chuma, na Guka aliweka sahani juu ya chuma chenyewe, sakafuni mwa oveni, ndipo akaipandisha baadaye kwa ajili ya rangi.

Unene: senti kumi mbili. Hapa sikuelewa. Akaniagiza kwenye kikebe cha vifungo, nikazikuta, senti kumi za Afrika Mashariki, zile kubwa za shaba zenye tundu katikati. Unaziweka mbili, moja juu ya nyingine, pembeni ya unga, na unasukuma mpaka chupa inazigusa. Nilikuwa na rula mfukoni: milimita tatu na ushei. Mimi nilikuwa nasukuma tano.

Sahani ameniazima. Alisema hivyo hasa, nakuazima, na irudi ikiwa na kitu.

24 Januari

Sukari. Daftari linasema kadiri, Shosho anasema guru. Nimeenda sokoni kutafuta sukari guru, ile ya mabonge inayotoka kwenye miwa ya huku magharibi. Mama muuzaji alinitazama kutoka viatu hadi kofia akauliza nataka ngapi. Nikasema bonge moja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wanaotengeneza chang'aa huchukua gunia, bonge moja ni la nini? Nikamwambia la pai. Akaniuzia huku akinitazama kama mtu anayeficha kitu.

Nimeikwaruza kwa kikwaruzo cha karoti. Gramu 120 zinatosha.

25 Januari. Jaribio la sita

Oveni nimeiacha. Inaleta moto wa juu kuliko wa chini, na siiamini tangu ile siku ya kuku. Nimerudi kwenye jiko la makaa kama mama zetu wanavyooka keki: sufuria kubwa, mchanga mkavu uliochekechwa kina cha vidole viwili, unapashwa robo saa hadi tone la maji linaruka likiguswa. Sahani ikakaa juu ya mchanga moja kwa moja. Sinia juu, kwanza tupu, makaa yote chini. Baada ya dakika kumi na tano nikahamisha nusu ya makaa juu ya sinia.

Chini kuliiva! Niliinua ukingo kwa kisu nikaona rangi ya kahawia, kavu, inagonga kama ubao. Nikamwita mke wangu, nikawaita watoto, nikamwita na jirani wa kuku.

Upande wa kushoto uliungua kwa sababu upepo wa mlima wa Menengai ulikuwa unapuliza makaa upande mmoja na mimi nilikuwa naangalia chini tu. Pia plamu zilizidi. Gramu 900 zilifurika zikachungulia kwenye tundu la kifungo. Gramu 700 baada ya kutoa kokwa ndizo zinazoingia kwenye sahani hii. Ama sahani ya mzungu ilikuwa kubwa zaidi, ama Tata alinakili kilichosemwa kwa mazoea.

1 Februari. Jaribio la saba

Naandika kamili, maana hii ndiyo.

Unga wa ngano gramu 227, Kimbo 113, chumvi nusu kijiko cha chai. Maji ya mtungi vijiko vinne vya supu. Cha tano ni majaribu, usikiweke. Kupumzika nusu saa kivulini. Nusu ya unga chini, nusu juu, senti kumi mbili. Unga wa ugali uliokaangwa, vijiko viwili vya supu vilivyojaa, umetandazwa hadi ukingoni. Plamu gramu 700, theluthi yake changa, zimekatwa nusu kwa nusu na kupangwa mgongo chini ili juisi ikae kwenye kikombe chake kwanza. Sukari guru juu yake. Ukingo umebanwa kwa vidole. Robo saa ya moto wa chini, dakika thelathini na tano za chini na juu, jiko limekingwa kwa bati upande wa upepo, sinia inageuzwa robo duara kila dakika kumi.

Iache ipoe kabisa. Hili nililijua baada ya kuchoma ulimi na kuona juisi ikikimbia: ikiwa moto haijakaza, ikipoa inasimama yenyewe.

Hatukuikata. Kesho inaenda Molo.

2 Februari. Molo

Matatu ya saa moja, sahani kwenye mapaja, imefungwa kwa leso. Abiria wa pembeni alinusa hadi Elburgon bila kuuliza, halafu akauliza. Nikamwambia ni ya mgonjwa. Mungu anisamehe.

Shosho aliipokea kwa mikono miwili akaiweka magotini. Akanusa. Akagonga chini ya sahani kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, kuzunguka, midomo ikicheza. Nikadhani anaomba. Kumbe anahesabu.

"Ishirini," akasema. "Umebana ishirini."

Sikuwa nimehesabu. Nilibana kama marinda ya sketi ya shule, kwa jicho.

"Guka wako alibana ishirini na nne."

Nikamuuliza kama ndivyo walivyotaka wazungu. Akasema kwa mzungu alikuwa anabana ovyo, au anapiga kwa uma. Ishirini na nne zilianza kwetu. Walikuwa watu wanane nyumbani, wao wawili na watoto sita, na Krismasi pai ilikatwa usiku, kwa mwanga wa koroboi moja iliyokuwa inamulika sura za watu kuliko chakula. Ukikata kwa jicho, mmoja analia. Kwa hiyo Guka alikuwa anafuata ukingo kwa kidole, marinda matatu, kisu. Marinda matatu, kisu. Na watoto nao walipopewa kipande, kitu cha kwanza ilikuwa kuhesabu matatu yao gizani, ndipo wale. Baba yangu alikuwa akihesabu ya Tata pia.

Tulikata yangu kwa jicho, mchana kweupe, na vipande havikulingana. Shosho alikula kikubwa. Alisema sukari imezidi kidogo, plamu changa ziongezwe kidogo, na kwamba chini ni kwenyewe. Alipomaliza alifuta sahani kwa kanga yake, akanirudishia.

"Imerudi na kitu," nikamkumbusha.

"Na kitu hakijakamilika. Kaitengeneze."

3 Februari

Plamu zimeanza kuadimika. Kwenye mikokoteni sasa ni parachichi. Nimepata kilo mbili za mwisho, nyingi zikiwa changa, kama alivyotaka.

Nimepima sahani kwa futi kamba. Mzunguko ni sentimita 75 na nusu. Kwa marinda ishirini na nne, kila rinda ni sentimita tatu na milimita moja. Nimeshaweka alama zote mgongoni mwa ukingo kwa chaki ya kitambaa, na kila ya tatu nimeichora ndefu. Nasubiri asubuhi, kabla ya mabati kupata moto.